Kukarabati bafu la nyumbani bila kukimbiwa na fundi

Bafu ni chumba kidogo kinachokula hela kubwa. Sebule ikipakwa rangi vibaya unapaka tena Jumamosi. Bafu likijengwa vibaya unalivunja, na ukilivunja unanunua upya marumaru, saruji, gundi, ufundi na kirikuu (pikapu ndogo) cha kubeba kifusi. Shida ni kwamba karibu kila kitu kinacholeta matatizo bafuni hufunikwa siku za mwanzo za kazi: bomba la maji safi, bomba la maji machafu, mteremko wa sakafu, dawa ya kuzuia maji. Unachokiona mwishoni ni urembo tu.

Kwa hiyo kanuni ya kushika tangu siku ya kwanza ni hii: hakifunikwi kitu kabla hujakiona kinafanya kazi, na hela haitoki kabla hatua yake haijaonekana. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuitekeleza.

Mfano wangu ni bafu la kawaida la chumba cha masta Dar es Salaam: upana mita 1.5, urefu mita 2.2, lina choo cha kukaa, sinki dogo na shawa. Ukiwa Tanga, Mombasa au Bujumbura, majina ya mamlaka yatabadilika, kazi ni ileile.

Hatua ya 1: Tafuta ugonjwa kwanza

Wengi huanzia kwenye marumaru, wanapiga picha za maduka na kubishana kuhusu rangi. Acha kwanza. Ukuta wa chumba cha pili ukivimba rangi na kumwaga unga, maji yanatoka mahali fulani, na ukiweka marumaru mpya juu yake umeyafungia ndani tu.

Anza na maji safi. Kama nyumba inachukua maji moja kwa moja kutoka DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, funga bomba zote, andika namba za dira ya maji, rudi baada ya saa moja. Zikisogea, kuna bomba linavuja. Lakini nyumba nyingi mjini zinatumia simtanki, na hapo dira haitakuambia kitu, maana bomba linalovuja liko baada ya tangi. Jaza tangi, funga maji yanayoingia, chovya ufito na uweke alama ya kina cha maji kabla ya kulala. Asubuhi, kabla mtu hajanawa uso, chovya tena.

Kina kikiwa palepale na ukuta bado una unyevu, mkosaji ni maji machafu au sakafu. Acheni kuoga humo siku mbili tatu pakauke. Kisha mimina ndoo kadhaa moja kwa moja kwenye flo trapu (tundu la sakafuni la kutolea maji), bila kulowesha sakafu. Unyevu ukirudi, bomba la kutoa maji limepasuka au halikuungwa vizuri. Usiporudi, mwaga maji pembeni na kwenye kona. Ukirudi sasa, sakafu haizuii maji, na hiyo ndiyo kazi kubwa.

Choo kinachotiririka usiku kucha hakihitaji ukarabati. Tia matone ya rangi ya keki kwenye tangi la kuflashi, subiri nusu saa bila kuflashi. Rangi ikionekana kwenye bakuli, unahitaji mpira wa ndani tu. Harufu nayo mara nyingi ni ya flo trapu isiyo na kikombe cha maji chini yake. Ile sentimita 5 ya maji yanayobaki kwenye kikombe ndiyo inayozuia hewa ya karo (shimo la maji taka) kupanda juu. Ukiona fundi wa zamani ameunga bomba lililonyooka hadi chemba (kisima kidogo cha nje cha kukagulia maji machafu), umeshajua kwa nini wageni wanafungua dirisha.

Mwisho, fungua chemba ya nje huku mtu akiflashi ndani. Maji yakisimama, shughulikia karo kwanza. Kwa maeneo ya chini kama Msasani na Mikocheni, masika hupandisha maji ya ardhini na karo hujaa hata kama umelivuta wiki iliyopita. Marumaru za Kihispania hazitibu hilo. Kwa sababu hiyohiyo, kazi ya bafu inafaa kuanza kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekata na saruji inakauka kwa raha.

Hatua ya 2: Chora kwenye karatasi

Haihitaji msanifu. Chukua futi, pima kuta nne, mlango unafungukia wapi, dirisha liko juu kiasi gani, kisha chora. Shawa iwe mbali na mlango ili maji yasifuate mtu chumbani. Choo kikae karibu na mahali bomba la inchi 4 lilipo sasa. Kulihamisha bomba hilo ni kuvunja jamvi (zege la sakafu), na ndipo gharama zinaporuka.

Kama ni nyumba ya Waislamu, au utaipangisha kwa watu wa pwani, amua mwelekeo wa choo sasa hivi. Familia nyingi hazitaki choo kinachoelekea kibla wala kukipa mgongo, na fundi hatakuuliza. Simu yako ina dira ya kibla, tumia dakika mbili. Baada ya bomba kuzikwa, maneno hayasaidii. Shatafu nayo iwe upande wa kulia wa anayekaa, kwa umbali wa mkono, isiwe nyuma ya mgongo kama nilivyoona kwenye nyumba zaidi ya moja.

Kama kuna mzee au mnatarajia kuwa naye, panga vyuma vya kushikia kabla ya marumaru, ili vifungwe kwenye tofali na si kwenye kigae.

Angalia pia nguvu ya maji. Tangi likiwa mita 10 juu ya shawa linakupa bar 1 (bar ni kipimo cha msukumo wa maji), likiwa mita 3 linakupa bar 0.3 tu. Lile shawa pana ulilolipenda dukani, la mvua ya hotelini, kwa mnara mfupi litakudondoshea matone. Ama pandisha tangi, ama weka pampu ndogo, ama nunua shawa ya kawaida ya mkono na uwe na amani.

Hatua ya 3: Piga hesabu yako kabla ya hesabu ya fundi

Kuta za bafu la mfano: mzunguko ni mita 7.4. Marumaru zikipanda hadi mita 2.1 unapata mita za mraba 15.54. Toa mlango wa mita 0.7 kwa 2.1, yaani 1.47, unabaki na 14.07. Ongeza asilimia 10 za kukatika na kuvunjika: 15.5 hivi. Boksi la marumaru za 30 kwa 60 lenye vipande 8 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo ni maboksi 11, na ongeza moja la akiba. Sakafu ni mita 3.3, na asilimia 10 juu yake ni 3.63. Soma ubavuni mwa boksi lina mita ngapi, maana idadi ya vipande hutofautiana kwa kila kiwanda.

Gundi ya marumaru, mfuko wa kilo 20 hukupa kama mita za mraba 4 hadi 5 kutegemea ukuta umenyooka kiasi gani. Kwa bafu hili andika mifuko mitano.

Hesabu hii ni ya kukulinda. Fundi akikuandikia maboksi 18, utamuuliza kwa upole amepimaje. Huenda ana sababu, huenda hana.

Tenga akiba ya asilimia 15 hadi 20 ya bajeti. Ukibomoa bafu la zamani utakuta kitu, na hakitakuwa kizuri.

Hatua ya 4: Kumpata fundi

Hapa ndipo usiharakishe. Fundi mzuri hapatikani kwa bango la kwenye nguzo ya umeme. Anapatikana kwa kuuliza majirani, tena si swali la "unamjua fundi?" bali "nani alikutengenezea bafu, na lina muda gani?" Bafu la mwezi uliopita halikuambii chochote, kila bafu jipya linang'aa. Unataka lililopita masika mbili.

Ukipata jina, omba kwenda kuiona kazi yake, na mama wa nyumba hiyo muulize mwenyewe fundi akiwa hayupo. Swali la maana kuliko yote: kilipoharibika kitu na ukampigia, alirudi? Kisha, kwa ruhusa yake, fanya mambo matatu. Gonga marumaru kwa sarafu, ukutani na sakafuni. Sauti ya mlio mtupu maana yake gundi haikushika chini. Mwaga ndoo moja ya maji kona ya mbali na flo trapu, uone kama yanatembea yenyewe au yanabaki kidimbwi. Tazama marumaru zilivyokatwa kuzunguka bomba: tundu la duara lililobana ni kazi ya mtu mwenye subira, na tundu la pembe lililojazwa saruji nyeupe ni kazi ya mtu aliyekuwa anawahi daladala.

Duka la vifaa vya ujenzi nalo litakupa namba za mafundi. Chukua, ukijua kwamba wanasaidiana kibiashara. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, nao ni mlango mzuri. Mbali na wanaosoma darasani, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, na fundi aliyepimwa atakuonyesha cheti bila kununa. Cheti hakithibitishi uaminifu, lakini kinaonyesha mtu anayejali jina lake.

Kwa umeme usibahatishe. Kazi ya kufunga umeme ina leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe fundi akuonyeshe. Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 24. Ukiiunganisha kwenye waya wa taa wa milimita za mraba 1.5, unaoga chini ya moto. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye mbao ya umeme, wa milimita za mraba 4 au, bora zaidi, 6, breka yake, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Waya wa ethi uende ardhini kweli, kwenye fimbo yake, usiishie kufungwa kwenye bomba la plastiki.

Sasa, fundi mmoja au wengi? Bafu linataka fundi bomba, fundi marumaru, fundi umeme, na wakati mwingine mwashi. Ukiwaajiri kila mmoja kivyake, siku maji yatakapovuja fundi bomba atasema fundi marumaru alitoboa, na fundi marumaru atasema alikuta tayari linavuja. Mimi napendelea fundi mmoja mkuu, anayejua vizuri bomba au marumaru, awalete wenzake na abebe lawama zote. Umeme pekee ndio naajiri mwenyewe.

Ukikutana naye, muulize swali moja la kazi na unyamaze.

"Fundi, kabla ya kulaza marumaru za sakafuni unafanya nini?"

Wa kwanza atakujibu: "Aa mama, pale napiga nira nzito ya saruji, maji hayapiti. Niachie mimi."

Wa pili: "Naweka mteremko kwanza. Nikimaliza napaka dawa ya maji mara mbili, napandisha ukutani, halafu naziba tundu, najaza maji yalale. Kesho tukikuta hayajashuka ndiyo naanza kulaza."

Huyo wa pili ndiye wa kuzungumza naye bei. Nira ni saruji na maji tu. Ikikauka ina nyufa ndogo usizoziona, na maji yanaziona.

Tazama na vifaa vyake. Anayekuja na pimamaji, mashine ya kukatia marumaru na mashine ya kuunganishia mabomba ya PPR (ya plastiki, huungwa kwa moto) anaishi kwa kazi hii. Anayekuomba hela ya kukodi kila kitu huenda ni kijana mzuri anayeanza maisha, ila asianzie kwako.

Pata bei kwa mafundi watatu, kila mmoja akiwa amefika na kuona. Bei ya kwenye simu ni ya kukufurahisha. Waambie watenganishe ufundi na vifaa. Kuhusu ufundi, marumaru hulipwa kwa mita ya mraba, bomba kwa kazi nzima. Usikubali malipo ya kutwa kwa fundi mkuu, kutwa hazina mwisho. Kutwa ni ya saidia fundi, na hata huyo amlipe fundi mwenyewe. Bei ya chini sana nayo ina maana yake: atakapogundua kazi haimlipi atahamia kwa mtu mwingine, na wewe utabaki na shimo.

Hatua ya 5: Andikeni

Watu huona aibu kuandikiana na fundi, hasa akiwa kijana wa mtaani au mtoto wa rafiki. Mali bila daftari huisha bila habari. Ukurasa mmoja unatosha, na uandikwe kwa lugha ya kawaida:

"Mimi … (fundi), nimekubaliana na … (mwenye nyumba) kukarabati bafu moja. Kazi: kubomoa marumaru za zamani na kutoa kifusi, kubadilisha mabomba ya maji safi na machafu hadi chemba ya kwanza, kuweka mteremko na dawa ya kuzuia maji, kujaribu kwa maji saa 24, kulaza marumaru sakafuni na ukutani hadi mita 2.1, kufunga choo, sinki, shawa na shatafu. Vifaa atanunua mwenye nyumba. Ufundi jumla ni shilingi … Kazi inaanza tarehe … na kuisha tarehe … Fundi asipofika siku tatu bila taarifa, mwenye nyumba anaweza kuleta fundi mwingine baada ya kazi iliyofanyika kupimwa na kulipwa. Kikivuja ndani ya miezi sita kwa sababu ya ufundi, fundi atarekebisha bila malipo."

Chini yake weka ratiba ya malipo. Yangu huwa hivi: asilimia 10 ya kuanzia, 15 kifusi kikishatoka nje, 25 mabomba yakishajaribiwa, 30 marumaru zikishalala, 10 vifaa vikishafungwa, na 10 za mwisho baada ya wiki moja ya kutumia bafu. Fundi anakula kila siku, kwa hiyo usimnyime hela ya kuanzia. Ila usimtangulie hata hatua moja. Hela ya mbele hufuta hamu ya kurudi.

Sahihi zenu wawili, nakala ya kitambulisho chake cha taifa (NIDA), na shahidi. Mjumbe wa mtaa anatosha sana, na kuwepo kwake tu hubadilisha mwendo wa mazungumzo. Malipo yapite kwenye simu, ujumbe wa muamala ni risiti isiyopotea.

Kama uko Maskati au Minneapolis na nyumba iko Mbagala, ratiba hii ndiyo kinga yako. Picha hutumwa hata za bafu la mtu mwingine, kwa hiyo omba simu ya video bila kutoa taarifa, msimamizi aanzie getini na kutembea nayo hadi bafuni. Na hela ya vifaa ilipe moja kwa moja kwa duka, isipite kwa binamu.

Hatua ya 6: Kununua vifaa

Kariakoo, hasa upande wa Gerezani, utapata kila kitu kwa bei ya ushindani, pamoja na bandia. Nenda na fundi, lakini mlipe nauli na posho ya siku hiyo, umwambie wazi kwamba unataka bei ya duka. Maduka mengi humpa fundi chochote kwa kukuleta, na chochote hicho kinatoka kwako. Dai risiti ya EFD (mashine ya kodi), bila hiyo huna cha kurudishia kitu kibovu.

Choo ndicho kinachoharibu hesabu za watu wengi. Kabla ya kwenda dukani, pima kutoka ukutani hadi katikati ya tundu la bomba sakafuni, ukihesabu unene wa marumaru na gundi, kama sentimita 2. Choo cha kutokea chini na cha kutokea nyuma havibadilishani. Ukinunua kwa kuangalia umbo tu, utakuta tangi limegoma kusogea ukutani au tundu halikutani na bomba.

Marumaru za sakafuni ziwe na ukwaru. Zipake maji dukani na uzisugue kwa kidole. Muuzaji atacheka, wacha acheke. Hakikisha namba ya bechi kwenye maboksi yote ni moja, rangi ileile ya bechi mbili huonekana tofauti ukutani. Bomba la choo liwe la inchi 4, la flo trapu inchi 2. Vikoki vyepesi kama karatasi achana navyo. Kama unatumia maji ya kisima chenye chumvi, kama ilivyo sehemu nyingi za Dar, nikeli ya bei rahisi itaota kutu ya kijani upesi, na shawa ya umeme inunuliwe ile ya maji ya chumvi.

Hatua ya 7: Siku za kazi

Tarajia wiki mbili hadi tatu. Panga mapema mtaoga wapi, jirani asishtukizwe.

Kubomoa. Kabla ya nyundo ya kwanza, valvu kuu ifungwe, umeme wa bafuni uzimwe, na tundu la choo na la sakafu yazibwe kwa matambara yaliyofungwa kamba. Kipande cha saruji kikidondoka kwenye bomba la inchi 4 utakitafuta kwa kuvunja korido. Kifusi kijazwe kwenye viroba kila siku.

Bomba. Maji machafu yateremke kama sentimita 2 kwa kila mita. Maji safi yakishaungwa, zibeni ncha zote, fungulieni maji kwa nguvu yake yote, na yalale hivyo usiku kucha huku mifereji ya ukutani ikiwa wazi. Asubuhi pitisha tishu kavu kwenye kila kiungo. Kisha piga picha kila ukuta ukiwa na futi ndani ya picha, kutoka sakafuni na kutoka kona. Hakuna picha utakayoishukuru kama hiyo siku utakapotaka kutoboa ukuta utundike kioo. Ndipo ulipe zile asilimia 25 na mifereji izibwe.

Mteremko na dawa ya maji. Sakafu ishuke kuelekea flo trapu kutoka pande zote. Dawa ipakwe mara mbili, ya pili ikipakwa kwa kukingama juu ya ya kwanza, ipande ukutani angalau sentimita 15 kote, na upande wa shawa ifike juu ya kichwa cha anayeoga. Kona na kuzunguka flo trapu ndipo panapovuja, kaa hapo umwangalie. Ikikauka kama pakiti inavyoelekeza, ziba tundu, mwaga maji ya sentimita 3 hivi, weka alama kwa penseli, na yaache saa 24. Fundi ataona unamchelewesha. Mpe soda, mwambie arudi kesho.

Marumaru. Ukuta kwanza, sakafu mwisho. Fundi mzuri huanza mstari wa pili ukutani, akiegemeza kwenye ubao ulionyoshwa kwa pimamaji, kisha hurudi kujaza wa chini. Nyuma ya kila kigae gundi ijae yote. Ukiona anaweka mabonge matano ya gundi kama maandazi, msimamishe hapohapo, hizo ndizo zitakazolia tupu ukigonga. Grauti, ya kujazia nafasi kati ya marumaru, isubiri hadi kesho yake.

Kufunga vifaa. Choo kikazwe kwa skrubu na kuzungushiwa silikoni. Mafundi wengi bado wanakijengea kwa saruji, na siku ya kukitoa kinapasuka. Mipira ya kuunganisha sinki na tangi la kuflashi iwe ya kusukwa kwa waya.

Fundi akipotea katikati, usimzuilie vifaa vyake na usimtukane kwenye simu. Mwite mjumbe, piga picha kazi ilipofikia, leta fundi mwingine akadirie kilichofanyika, mtumie ujumbe wenye hesabu hiyo. Kama ulifuata ratiba ya malipo, hapo utakuwa umepoteza siku, si hela.

Hatua ya 8: Kupokea kazi

Siku moja baada ya silikoni kupakwa, flashi mara kumi mfululizo ukiwa na tishu ndani. Jaza sinki hadi juu, achia, angalia chini. Mwaga ndoo kila kona. Gonga marumaru zote kwa sarafu, yenye mlio mtupu itiwe alama ya chaki na ing'olewe fundi akiwa bado yupo. Washa shawa ya umeme dakika kumi, kisha shika kifuniko cha breka. Kikiwa cha moto, mwite fundi umeme.

Orodha ya kasoro iandikwe kwa pamoja. Wiki ikiisha, ukuta wa chumba cha pili ukiwa mkavu, lipa asilimia 10 zilizobaki siku hiyohiyo bila kumzungusha, maana fundi unayemlipa kwa wakati ndiye atakayepokea simu yako Jumapili usiku. Lile boksi la akiba la marumaru liweke mahali pakavu, uandike juu yake kwa kalamu nzito namba ya bechi na aina ya grauti. Bomba likihitaji kufunguliwa utavunja vigae viwili tu, na picha zenye futi zitakuonyesha ni vipi.